Mguu wa Fundi wa Sandeshi

Katika soko la Lakshmiganj, mjini Chandannagar huko Bengali, hakukuwa na miguu iliyoheshimiwa kama ya Nibaran Modak. Si kwamba ilikuwa mizuri. Ilikuwa mipana, imepauka kwa majivu, na nyufa za visigino vyake zingeweza kuficha punje za mchele. Lakini kwa miaka thelathini na moja miguu hiyo ilikuwa imesimama peku mbele ya jiko la Bwana Nandi, tangu alfajiri hadi jua kuzama, na katika jiko hilo zilitoka sandeshi, vile vitamu vya maziwa na sukari, ambazo watu wazima waligombania kama watoto.

Peku, kwa sababu viatu havisogelei jiko. Hilo halikuandikwa popote, wala hapakuwa na haja. Sahani ya kwanza ya kila siku ni ya Lakshmi, mungu wa kike anayekaa kwenye kishubaka juu ya jiko na shada lake la maua, na huwezi kumpikia mungu huku umevaa ngozi ya ng'ombe na matope ya barabarani. Nibaran alilishikilia jambo hilo kuliko kuhani mwenyewe. Mwaka mmoja bwana afya wa manispaa aliingia na viatu vyake vya kamba, na Nibaran akamtoa nje kwa mwiko mkononi. Bwana afya aliomba radhi na kilo moja ya sandeshi.

Kazi ya fundi ni kuonja. Kijiko hakijui kitu, alisema Nibaran, ulimi ndio unaojua. Kila sufuria aliionja mara tatu: maziwa yaliyokatwa yakishakamuliwa maji, sukari ikishayeyuka, na donge likishaiva. Sufuria kumi na mbili kwa siku, na bado shira ya rosogola, madonge ya maziwa yanayochemshwa ndani yake, ambayo ilibidi ionjwe kila inapochemka. Kwa siku moja alimeza sukari ya kumtosha mtu mwingine wiki nzima, na hakuiita kula. Aliiita kazi. Nyumbani alikunywa chai bila sukari kwa mbwembwe, akiwaambia wageni, "Mimi si mtu wa vitamu."

Alipofika miaka arobaini na tano aliambiwa ana kisukari, akapewa vidonge. Hakuvidharau hata kidogo. Alivimeza kila asubuhi kazini, akivisindikiza kwa kipande cha sandeshi ili visimchome tumbo.

Miaka ikapita hivyo. Jioni moja akarudi nyumbani, na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mithu kwa jina la binti yao, akamsimamisha mlangoni.

"Baba Mithu, kandambili ya pili iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya mguu wa kushoto. Umekuja na moja."

Nibaran akatazama chini. Kweli, mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa matope, na ametembea nao hivyo kutoka sokoni bila habari.

"Nimeibiwa," akasema.

"Umeibiwa mguuni, huku unatembea?"

"Wezi wa siku hizi ni hodari, Mama Mithu. Acha kabisa."

Mkewe hakucheka. Alichukua sindano ya kushonea, akamwambia atazame dirishani, akamdunga kidole gumba cha mguu. Nibaran akaendelea kutazama dirishani, akasema mwembe wa jirani mwaka huu umezaa vizuri. Mama Mithu akaifuta sindano kwenye pindo la sari.

"Mguu huu umekufa ganzi. Kesho unakwenda hospitali."

"Kesho nina rosogola mia nane."

Kama angeijua ganzi ile mkewe peke yake, isingekuwa taabu. Taabu ni kwamba Bwana Nandi naye aliijua. Makaa ya mawe yana tabia ya kupasuka na kurusha vipande, na siku moja kipande chekundu kilimwangukia Nibaran juu ya mguu, kikatulia pale, naye akaendelea kukoroga. Jiko la Nandi liko wazi, mteja aliye kaunta analiona lote. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Nandi, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu kizuri kipite bure, akapandisha sauti.

"Mnaona? Moto umemkalia mguuni na hata kope hajapepesa! Mnadhani huyu ni mpishi? Huyu ni sadhu, mtu wa Mungu. Miaka thelathini anampikia Lakshmi, moto umeshamzoea!"

Kuanzia siku hiyo watu walikuja kutazama. Kina mama walinyoosha mikono juu ya kaunta ili wapate baraka. Na Nibaran, mtoto wa masikini aliyeacha shule darasa la nne, akaanza kuamini. Alianza kutembea polepole, akiitikia salamu kwa kufumba macho. Akajinunulia na tasbihi.

"Mtu wa Mungu gani anakoroma hivyo?" aliuliza Mama Mithu.

"Wewe unaona mguu tu. Wenzako wanaona nuru."

"Nuru gani isiyohisi sindano? Maiti naye hahisi, mbona hatumwiti sadhu?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mama Mithu alisema, akalia, akanuna siku nne, akapika mboga chungu za kushusha sukari mpaka nyumba nzima ikanuka uchungu. Nibaran alikula mboga zote kwa utiifu, kisha asubuhi akaenda kuonja sufuria kumi na mbili.

Ikafika mkesha wa Siku ya Mkwe. Hiyo ndiyo siku ambayo kila mama mkwe wa Bengali humwita mume wa binti yake amlishe mpaka ashindwe kuinuka, na mkwe anayekataa tamu ya tano anatafutiwa kisa. Duka la Nandi lilikuwa na oda za mitaa sita. Nibaran alikuwa jikoni na Haripada, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na minane, mtu mzima mwenye mvi na maneno machache.

Mchana, Nibaran akanusa.

"Nani anaunguza?"

"Hakuna, Fundi," akajibu Haripada.

"Usinidanganye. Pua yangu haijawahi kukosea." Akainamia sufuria moja, akainamia ya pili. Sandeshi zilikuwa salama. Lakini harufu ilizidi, na ilikuwa harufu mbaya kuliko ya maziwa kuungua. Katika duka ambalo hata yai halikuwahi kuvuka kizingiti, palinuka nyama ya kuchoma.

"Haripada! Umeleta nyama humu?"

"Mimi, Fundi?"

"Mshenzi wewe! Jiko la Lakshmi! Kesho Siku ya Mkwe, na wewe unachoma mishikaki! Iko wapi? Umeificha wapi?" Sauti yake ilifika barabarani. Wateja wakaacha kusukumana. Nibaran akaendelea kutukana, akamtukana Haripada, akamtukana aliyemfundisha kazi, akasahau kwamba aliyemfundisha ni yeye mwenyewe.

Haripada alikuwa ameacha kumsikiliza. Macho yake yalikuwa sakafuni.

"Fundi, inua mguu."

"Wewe wa kuniamrisha mimi?"

"Inua mguu, Fundi. Nakuomba. Wa kushoto."

Akauinua. Chini ya unyayo, karibu na kidole gumba, palikuwa na kaa la moto lililokanyagwa hadi likazama nyamani. Lilikuwa bado jekundu pembeni.

"Lo," akasema Nibaran. Kisha, kwa kuwa fundi ni fundi, akasema, "Koroga hiyo ya pili, itashika chini."

Watu waliokuwa kaunta siku ile hawakumwita sadhu. Walifunika pua.

Wodi ya wanaume katika hospitali ya serikali ilikuwa na vitanda kumi na vinane, na tisa vilikuwa vya kisukari. Kidonda cha Nibaran kilioza ndani ya wiki moja. Wakakata kidole gumba na kile kinachofuata. Alipozinduka akajikuta katikati ya wanaume wanaoshindana kama wazee wa ukoo, kila mmoja akitaka ijulikane kwamba kazi yake ndiyo iliyomla zaidi.

"Mimi nilikuwa dereva wa basi la Kolkata," alisema Paresh wa kitanda cha kulia. "Ganzi ilinishika mguu wa breki. Ikawa lazima nitazame chini nijue nimekanyaga breki au mafuta."

"Na abiria?" akauliza Nibaran.

"Abiria hawakujua, ndiyo maana walifika salama. Halafu dereva hapati nafasi ya kukojoa, sasa na figo zimegoma."

"Hayo ni ya kitoto," alisema Rauf, fundi cherehani, akiwa kitanda cha kushoto na bandeji hadi kwenye kiwiko cha mkono. "Mimi nimeshona kola ya shati pamoja na kidole changu. Sikujua. Mteja ndiye aliyerudi kulalamika shati lina doa."

Wodi ikacheka mpaka muuguzi akaja. Nibaran naye akacheka, halafu akashangaa kwa nini anacheka.

Daktari wa zamu, Ishita Pramanik, alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, na alipita kila asubuhi na faili zake.

"Mjomba, mbona kwenye kazi umeandika 'mtumishi wa Lakshmi'?"

"Ndivyo nilivyo."

"Mimi sihitaji cheo, nahitaji kazi. Watu wanadhani hapa tunauliza kazi kwa adabu, kama kuuliza hali ya watoto. Nikijua kazi, najua pa kutazama. Dereva namvua kiatu cha kulia. Fundi cherehani namtazama vidole, halafu macho. Wewe mkeo aliposema tu unapika sandeshi, nilimuuliza umebakiwa na vidole vingapi."

Nibaran akaitazama bandeji yake.

"Kazi yako ina akili, mjomba. Inakulisha sukari kwa juu, sukari inaua hisia chini, na chini ndiko inakokuchoma. Kwa saa kumi na mbili kila siku umesimama, peku, kwenye makaa. Hata adui yako asingekupangia vizuri hivyo. Sasa nisikilize. Kuonja basi, aonje mwingine. Na viatu. Vya kufunika, soli ngumu, humo humo jikoni."

"Jikoni havivaliwi viatu."

"Basi usiingie jikoni."

"Ungemwambia kuhani asiingie hekaluni, daktari?"

"Kama anaungua humo ndani, ndiyo." Akauinamia mguu, na sauti yake ikapoa. "Safari hii nimekata vidole viwili. Kidonda kingine kwenye mguu huu, mjomba, nakata hapa." Akamgusa chini ya goti. Pale Nibaran alihisi, na baridi ya kidole kile ilimpanda mpaka shingoni.

Jioni Bwana Nandi alikuja kumwona mgonjwa, na kwa kuwa hakuna Mbengali anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, alikuja na boksi la sandeshi ishirini na nne lililofungwa kwa utepe. Wagonjwa wa kisukari tisa wakaketi vitandani mara moja. Rauf alikula kwa mkono uliobaki. Muuguzi aliyekuja kuwafokea alichukua mbili.

"Hizi kapika Haripada," alisema Nibaran, akiwa amekwisha kumeza. "Sukari imezidi."

"Ndiyo maana upone haraka," akasema Nandi.

Nyumbani, Mama Mithu alifikiri wiki tatu, na siku moja akarudi kutoka hekaluni uso ukimng'aa. Alikuwa na mitalawanda, mipya, ya mti mweupe, ameipaka mafuta.

"Nimemuuliza kuhani. Watawa wanavaa hii hata mbele ya madhabahu. Haina ngozi, haina najisi. Unene wa vidole vitatu huu, kaa la moto litapita wapi? Vaa, Baba Mithu."

Hapana shaka lilikuwa wazo bora kuliko yote waliyowahi kuwaza watu wa nyumba ile. Nibaran akauvaa wa kulia, ukakaa sawasawa. Akachukua wa kushoto. Mtalawanda hauna kamba. Unashikwa kwa msuruaki, kile kijiti kinachosimama kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Akausukuma mguu mbele. Mguu ukapita. Akausukuma tena. Kijiti kilisimama peke yake mahali ambapo palikuwa na vidole.

Mama Mithu akacheka kwanza, halafu akalia, na Nibaran hakujua amfuate kwenye lipi.

Wakarudi hospitali, fundi viatu wa pale akampima, akampa viatu vyeusi vya mpira na kitambaa, vipana kama mikate, vya kufunga kwa kubandika juu, bila kamba. Nibaran aliviweka chini ya kitanda asivione. Akaenda kuongea na Nandi.

"Nibaran, wewe ni ndugu yangu," alisema Nandi, ambaye katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumkaribisha kwake hata chai. "Lakini viatu? Mbele ya jiko? Wateja wanaona mpaka sufurini. Watasema Nandi amechafua sadaka, kesho wote wako kwa jirani. Njoo peku, jiko ni lako. Ukitaka viatu, kaa nyumbani upumzike. Haripada atashika mwiko."

"Daktari amesema atakata mpaka goti."

"Madaktari wanapenda kutisha watu. Mungu yupo."

Nibaran akarudi nyumbani, akakaa kitandani siku nzima. Kupika ndiko alikojua. Bila lile jiko, yeye alikuwa mzee wa miaka hamsini na sita mwenye vidole vinane, asiyejua hata kuwasha televisheni. Na aliumia, tena vibaya, kufikiri sandeshi za Haripada zinaliwa kwa jina lake. Usiku ule akamwambia mkewe ameamua: atarudi siku ya Bijoya, wakati sanamu ya mungu Durga inapotoswa mtoni na kila nyumba mjini inataka vitamu. Atarudi peku. Atakuwa mwangalifu.

Mama Mithu hakupiga kelele. "Niliolewa na mtu wa miguu miwili," alisema. "Ukileta mmoja, usitegemee nikubebe. Goti langu bovu." Kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Asubuhi ya Bijoya alikwenda na vile viatu vyeusi, kwa nia ya kuvivua mlangoni. Foleni ilikuwa imeshapinda kona. Watu wakampisha, wengine wakamshangilia. Nandi akafungua mikono. Nibaran akafika kwenye kizingiti cha jiko, akainama abandue, na akiwa ameinama hivyo akaiona sakafu.

Hakuwahi kuitazama. Miaka yote ile macho yake yalikuwa sufurini. Sasa aliona vipande vya makaa, vingine vyeusi, vingine bado vina moto ndani. Aliona kigae cha kikombe cha udongo kilichovunjika. Aliona msumari. Aliona miguu ya Haripada, mitupu, katikati ya hayo yote, ina makovu meupe ambayo yeye, fundi mkuu, hakuwahi kuyauliza.

Aliogopa. Tusimsingizie ushujaa, hakuwa mtetezi wa haki za wapishi. Alikuwa mzee aliyekumbuka kidole cha baridi chini ya goti. Mkono wake ukakiacha kiatu kama kilivyo, akanyooka, akaingia jikoni na viatu vyake, akaenda kusimama mbele ya Lakshmi.

Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Nibaran!" Sauti ya Nandi ilipasuka. "Viatu! Una wazimu? Viatu mbele ya mungu! Toka! Wateja wangu, nisameheni, sufuria zote hizi tunamwaga, mtu huyu ameugua, akili yake..."

"Viatu gani?" aliuliza mwanamke mzee wa mbele kabisa, mwalimu mkuu mstaafu. Akainama juu ya kaunta, akarekebisha miwani. "Aa, hivyo! Mbona hata mimi ninavyo."

Akainua pindo la sari. Viatu vyeusi, vipana kama mikate.

"Ulivipata kwa yule fundi wa hospitali?" akauliza mzee aliye nyuma yake, karani wa benki zamani, akiinua dhoti, ile nguo yake ya kujifunga kiunoni. "Vyangu vinabana kisigino."

"Mwambie avitanue kidogo, havitakubana. Mimi navaa hadi jikoni kwangu, mwaka wa sita huu."

"Na Lakshmi wako?" aliuliza Nibaran.

"Lakshmi wangu yupo tu. Atakwenda wapi?" Mwalimu akagonga kaunta kwa pete yake. "Haya, sandeshi zipo au zimemwagwa? Nusu kilo, na mfunge upesi, kabla mwanangu hajapita hapa akaniona."

Nibaran akaitazama foleni kutoka mwanzo hadi kona. Hakutazama nyuso. Alihesabu jozi saba za viatu vyeusi, kisha hakuona vizuri tena, macho yamejaa.

"Kumbe mngenunua tu," akasema. "Hata kama ningevaa. Tangu mwanzo."

"Kwani tunakuja kula miguu?" akasema mwalimu.

Nibaran akageuka kumtafuta tajiri wake, aliyesema wote watakwenda kwa jirani. Nandi hakumwona. Alikuwa ameinamia mizani, anapima ile nusu kilo, na kwa kuwa ilikuwa siku ya sikukuu, akaongeza sandeshi moja juu.